Jinsi ya kusoma ripoti ya ukaguzi kabla ya kumpeleka mzazi kwenye makao ya wazee England

Kila baada ya wiki chache napokea ujumbe ule ule. "Kaka, hospitali wanataka mama atoke Ijumaa, wametupa majina matatu ya makao, tuchague lipi?" Mwingine: "Hawa wameandikwa Good, inatosha?" Na wa tatu, ambao huuma zaidi: "Baba yuko pale mwezi wa pili sasa, amekonda, na tukiuliza tunaambiwa hajambo. Tumlalamikie nani?" Nimeshajibu haya kwa simu usiku wa manane, mtu akiwa amesimama nje ya wodi. Leo nayaandika yote pamoja.

Mwongozo huu ni wa England peke yake. Uingereza haina mkaguzi mmoja. Scotland makao ya wazee hukaguliwa na Care Inspectorate, Wales na Care Inspectorate Wales, na Ireland ya Kaskazini na chombo kinachojulikana kama RQIA. Ukiwa huko, namna ya kusoma ripoti itakusaidia, lakini alama na taratibu ni nyingine.

Mkaguzi wa England ni Care Quality Commission, CQC kwa kifupi, aliyeanza kazi Aprili 2009. Hospitali, kliniki za GP (daktari wa familia), madaktari wa meno, makao ya wazee na kampuni zinazotuma wahudumu majumbani, wote lazima wasajiliwe naye, na kutoa huduma hizo bila usajili ni kosa la jinai. CQC husajili, hukagua, hutoa alama, hutoa onyo, hushtaki, na ikibidi hufuta usajili. Kitu kimoja haifanyi: haiamui lalamiko la familia moja moja. Wengi hupoteza miezi kwa kutolijua hili, nami nitalirudia kwenye hatua ya 8.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi:

- Jina kamili la makao na postikodi yake. Jina peke yake halitoshi, kwa sababu majina ya miti na maua yanajirudia mji hadi mji.
- Orodha ya mahitaji ya mzazi wako, uliyoiandika mwenyewe: anatembeaje, anameza vipi, anatumia dawa gani na saa ngapi, anasahau kiasi gani, usiku anaamka mara ngapi. Ongeza lugha, ibada na chakula. Mtu mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anaweza kupoteza Kiingereza alichokizungumza miaka arobaini akabaki na Kiswahili tu, au lugha ya kwao tu. Hilo ni hitaji la matunzo kama dawa zilivyo.
- Tathmini ya mahitaji kutoka halmashauri. Ni bure, na chini ya Care Act ya 2014 halmashauri inalazimika kumtathmini mtu mzima anayeonekana kuhitaji matunzo, hata kama ana pesa zake. Akiwa na akiba na mali inayozidi pauni 23,250, kwa kawaida atajilipia makao mwenyewe, lakini tathmini bado ni haki yake.
- Daftari, na mtu wa pili wa kwenda naye. Macho ya mtu mmoja aliyejaa wasiwasi hayaoni kila kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha wamesajiliwa kwa kazi unayoitaka

Ingia cqc.org.uk, andika postikodi, fungua ukurasa wa makao yenyewe. Usiishie kwenye ukurasa wa kampuni, kwa maana kampuni moja inaweza kumiliki makao mengi, moja zuri na jingine baya. Angalia jina la meneja aliyesajiliwa, idadi ya watu wanaoruhusiwa kuishi pale, na aina ya huduma.

Kosa kubwa liko hapa. Kuna makao yenye wauguzi na makao yasiyo na wauguzi. Mzee mwenye kidonda kinachohitaji muuguzi kila siku, au anayelishwa kwa mrija, akipelekwa pasipo na muuguzi, baada ya wiki chache utapigiwa simu kwamba "hatuwezi tena kumhudumia." Atahamishwa, na kwa mzee aliyechanganyikiwa kila kuhama ni pigo.

Kama unatafuta huduma ya nyumbani, kampuni inayoogesha, kuvisha na kulisha lazima iwe imesajiliwa. Inayofagia na kununua vitu dukani tu haihitaji. Na ukimwajiri mhudumu mwenyewe moja kwa moja, hakuna mkaguzi atakayekuja kumwangalia. Jukumu hilo ni lako.

Hatua ya 2: Soma tarehe kabla ya alama

Alama ni nne. Outstanding ni bora kabisa, Good ni nzuri, Requires improvement maana yake kuna ya kurekebisha, na Inadequate maana yake hali ni mbaya. Mfumo huu ulianza 2014. Vibandiko vya rangi vinavutia jicho, lakini wewe anza na tarehe.

Nina sababu. Mwaka 2024 serikali ilimwagiza Dkt. Penny Dash aichunguze CQC, na ripoti yake ya awali ya Julai mwaka huo ilikuta kwamba sehemu 1 kati ya 5 ambazo CQC ina mamlaka ya kuzipa alama hazikuwahi kupewa hata moja, na nyingine zilikuwa zinatembelea alama za miaka mingi nyuma. Kwa hiyo "Good" ya miaka sita iliyopita inakuambia habari za meneja ambaye huenda ameshaondoka, na wahudumu ambao huenda hakuna hata mmoja aliyebaki.

Tofautisha pia tarehe ya ukaguzi na tarehe ya kuchapishwa. Kati ya hizo mbili huweza kupita wiki au miezi. Wewe unaitaka ya ukaguzi.

Kipimo changu: chini ya miaka miwili, naipa uzito. Kati ya miwili na minne, naisoma kama historia. Zaidi ya hapo, nayachukulia makao hayo kama hayajakaguliwa, na macho yangu ndiyo yatafanya kazi.

Hatua ya 3: Ivunje alama kuu vipande vitano

Alama kuu imetokana na maswali matano. Safe: je, watu wako salama? Effective: je, matunzo yanaleta matokeo? Caring: je, wanahudumiwa kwa upole na heshima? Responsive: je, huduma inamfuata mtu na mahitaji yake? Well-led: je, uongozi uko imara?

Soma Safe na Well-led kwanza. Karibu makao yote hupata Good kwenye Caring, kwa sababu wahudumu wengi kweli wana moyo mwema, na mkaguzi akiwauliza wazee watamwambia hivyo. Lakini muuguzi mwenye moyo mwema anayehudumia watu wengi kupita uwezo wake atachelewesha dawa. Uongozi ukiyumba, usalama hufuata, na upole huwa wa mwisho kuondoka. Ndiyo maana Caring hukuonyesha tatizo likiwa limeshaiva.

Sasa mtego wenyewe. Kwa kawaida makao yanaweza kupewa Good kwa jumla hata kama swali moja kati ya matano limepata Requires improvement. Swali hilo linaweza kuwa Safe. Familia huona kibandiko cha kijani cha Good mlangoni, wanashusha pumzi, hawafungui ndani.

Mtego wa pili ni ukaguzi mdogo. Mara nyingi wakaguzi huja kuangalia maswali mawili tu, kisha matatu yaliyobaki hubeba alama za ukaguzi wa zamani. Hivyo ukurasa mmoja unaweza kuonyesha Safe ya mwaka jana pamoja na Caring ya miaka mitano iliyopita. Soma mwanzo wa ripoti, wanaeleza ni maswali gani waliyaangalia safari hiyo.

Hatua ya 4: Fungua ripoti kamili na utafute maneno haya

Usisome muhtasari ukaacha. Ripoti zilizoandikwa kwa mfumo ulioanza mwishoni mwa 2023 zina sura tofauti na zile za zamani, na ndani yake utakuta pointi chini ya kila kichwa, lakini namna ya kuzichimba ni ile ile. Bonyeza kitufe cha kutafuta kwenye simu au kompyuta, andika neno moja moja kwa Kiingereza kama lilivyo:

medicines, kwa habari za dawa. Ukiona karatasi za dawa zilikuwa na mapengo yasiyo na saini, maana yake hakuna anayejua kama mzee alimeza au hakumeza.

falls, kwa kuanguka. Kuanguka kutatokea popote penye wazee. Unachotafuta ni kama baada ya mtu kuanguka walibadilisha chochote.

staffing na agency, kwa idadi ya wahudumu na wale wanaoletwa na mawakala kwa zamu moja moja. Mgeni wa zamu hajui kwamba baba yako hunywa maji tu kwenye kikombe cha bluu.

weight, kwa uzito, na pressure, kwa vidonda vya kulala muda mrefu. Haya mawili hayasingizii. Mzee anayekonda bila maelezo, au kidonda kilichoanzia palepale, huonyesha kama watu wanalishwa na kugeuzwa.

breach, yaani wamevunja kanuni. Neno hili likitokea, tazama namba inayofuata. Kanuni ya 12 ni usalama wa matunzo, ya 13 ni kulinda watu dhidi ya unyanyasaji, ya 14 ni chakula na maji, ya 17 ni uongozi na kumbukumbu, ya 18 ni wafanyakazi. Mimi nikiona 12 na 17 pamoja kwenye ripoti ya karibuni nafunga ukurasa na kwenda makao mengine, isipokuwa kama ripoti iliyofuata inasema wazi kwamba wametoka humo.

Hatua ya 5: Rudi nyuma ripoti mbili au tatu

Ukurasa wa makao una ripoti za zamani. Zipange kwa miaka. Makao yaliyotoka Requires improvement yakapanda Good na kubaki hapo chini ya meneja yule yule, mimi nayaamini kuliko yale yaliyopewa Good mara moja zamani. Yanayopanda na kushuka kila ukaguzi, kila mara jina la meneja likiwa jipya, yaogope.

Angalizo: makao yakiuzwa, mmiliki mpya husajiliwa upya na ukurasa mpya unaweza kuonyesha kwamba hayajakaguliwa, ingawa jengo ni lile lile na wahudumu ni wale wale. Rudia kutafuta kwa postikodi, kisha muulize meneja waziwazi: kabla yenu nani alikuwa akiendesha hapa, na alikuwa na alama gani?

Hatua ya 6: Nenda mwenyewe, mara mbili

Makao ya wazee kwa kawaida hukaguliwa kwa kushtukiza, mkaguzi anabisha hodi bila taarifa. Nawe fanya vivyo hivyo kadiri inavyowezekana. Ziara ya kwanza weka miadi. Ya pili pitia jioni wakati wa chakula, au Jumapili, meneja akiwa hayupo.

Mlangoni tafuta bango la alama za CQC, kwa kuwa tangu Aprili 2015 makao yaliyopewa alama yanalazimika kuzionyesha kwenye jengo na kwenye tovuti yao. Tafuta pia kibandiko cha usafi wa jikoni, cha 0 hadi 5. Hicho hutokana na ukaguzi wa halmashauri, CQC haihusiki nacho. Makao yenye Good na jikoni lenye 2 yana maswali ya kujibu.

Ndani, simama tu kidogo, usiongee. Kengele ikilia chumbani, hesabu dakika kimoyomoyo mpaka mtu aende. Angalia kama glasi ya maji iko mahali mkono wa mzee unafika au imewekwa dirishani. Angalia kucha, nywele, miwani kama ni misafi, na kama mhudumu anainama kuongea na mtu usoni au anaongea juu ya kichwa chake. Harufu ya mkojo asubuhi moja chumbani si kitu. Harufu iliyoingia kwenye zulia la sebule ni ya muda mrefu.

Niliwahi kutembelea makao yenye ripoti ya kupendeza, nikakuta sebuleni wazee tisa wamepangwa mbele ya televisheni na hakuna mhudumu hata mmoja kwa dakika kumi na mbili. Mama mmoja alikuwa anaomba kupelekwa chooni. Ripoti haikusema uongo siku ilipoandikwa. Lakini mimi nilikuwa pale siku hii.

Hatua ya 7: Muulize meneja, na uandike majibu mbele yake

Usiku mna wahudumu wangapi kwa watu wangapi? Zamu ngapi wiki iliyopita zilizibwa na wakala? Wewe umekuwa meneja hapa tangu lini? Ripoti yenu ya mwisho ilisema hivi kuhusu dawa, mmebadilisha nini? Mama hataki kuogeshwa na mwanamume, mtahakikishaje? Anaswali mara tano, au anataka kwenda kanisani Jumapili, nani atamsaidia? Nyama ya halali mnaipata wapi, na mnaipika kwenye sufuria ipi?

Meneja mzuri hakasiriki. Atakuambia "hapo tulikosea, na hiki ndicho tulichofanya." Anayesema "mkaguzi alituonea" bila kitu cha kuonyesha, andika jibu hilo pia.

Uliza na saa za kutembelea. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 kuna kanuni inayoyataka makao kuruhusu wageni, isipokuwa kuwe na sababu ya kipekee. Kauli kama "familia huja Jumamosi tu" haiendani nayo.

Hatua ya 8: Akishaingia, endelea kukagua, na ukilalamika fuata njia sahihi

Wiki ya kwanza omba kuona mpango wake wa matunzo na uzito wake wa siku aliyoingia. Kila ukienda andika tarehe, saa, ulichoona na jina la uliyeongea naye. "Wamemtelekeza" haimsaidii mtu yeyote kuchunguza. "Tarehe 3 saa kumi jioni nilimkuta na nepi iliyolowa hadi shuka, nikamwambia mhudumu wa zamu" inasaidia.

Kama kuna hatari ya sasa hivi, piga 999. Kama unashuku kupigwa, kuibiwa au kutelekezwa, iambie timu ya ulinzi wa watu wazima ya halmashauri siku hiyo hiyo. Wana wajibu wa kisheria wa kufuatilia. Mengine yote anza kwa barua au barua pepe kwa meneja, ukitumia neno "complaint" ili iingie kwenye utaratibu wao rasmi. Usipopata jibu la maana, nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko, ambaye hatozi chochote na hupokea hata familia zinazojilipia wenyewe. Kwa kawaida anataka umfikie ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Kama NHS, huduma ya afya ya umma, ndiyo inayolipia makao, anayehusika ni Parliamentary and Health Service Ombudsman.

CQC nayo iambie, sambamba na hayo yote. Haitakuamulia kesi yako, lakini habari yako huingia kwenye picha ya makao hayo na inaweza kuwaleta wakaguzi mapema. Namba yao ni 03000 616161, au jaza fomu ya maoni kwenye tovuti yao. Unaweza kutotaja jina.

Wala usiseme mara moja ukanyamaza. Winterbourne View, hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol, muuguzi mmoja aliwaandikia wakubwa zake kisha akaiambia CQC kwamba wagonjwa wanateswa. Hakuna aliyechukua hatua ya maana hadi kipindi cha Panorama cha BBC kilipoonyesha picha za siri Mei 2011. Wafanyakazi 11 walikubali makosa yao mahakamani na 6 kati yao walifungwa. Onyo lilikuwa limeshafika mezani. Kwa hiyo peleka habari sehemu zaidi ya moja, omba namba ya kumbukumbu kila sehemu, na upige tena.

Ukikwama

*Makao hayaonekani kwenye tovuti.* Jaribu postikodi badala ya jina. Yakikosekana bado, piga simu CQC uwaulize kabla hujalipa hata senti.

*Hayana alama kabisa.* Si lazima yawe mabaya, huenda ni mapya. Tafuta makao mengine ya kampuni hiyo hiyo usome ripoti zake, na uzipe hatua ya 6 na 7 uzito maradufu.

*Hospitali inaharakisha.* Mwambie mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa wodi kwamba unaomba mahali pa muda wakati mnachagua, na umwombe aandike kuwa ni pa muda. Usisaini mkataba wa kudumu ukiwa korido. Kama una jioni moja tu, fanya hatua ya 1, 2 na 3 kwa majina yote, kisha nenda kuona lile moja lililobaki.

*Uko mbali.* Ukiwa Mombasa au Dodoma unaweza kufanya hatua ya 1 hadi ya 5 zote kwa simu yako. Ya 6 mtafute mtu wa kanisa, msikiti au jumuiya yenu kule aende kwa niaba yako, na umpe orodha ya vitu vya kuangalia. Video ambayo makao wenyewe wamekupigia haitoshi.

*Unaogopa watamtesa mzee ukilalamika.* Hofu hii naielewa, nimewahi kulala nayo. Miongozo ya kanuni ya malalamiko inasema mlalamikaji asibaguliwe wala kuadhibiwa. Andika barua, weka nakala, ongeza ziara zako badala ya kuzipunguza, na ubadilishe saa unazokwenda.

*Wewe mwenyewe ni mhudumu mahali unapoona mabaya.* Wengi wetu tunafanya kazi hii, na wengine wamefungwa na visa ya mwajiri. Public Interest Disclosure Act ya 1998 inamlinda mfanyakazi anayetoa taarifa za hatari, na CQC ni mmoja wa wapokeaji wanaotambuliwa na sheria hiyo. Kabla hujasema lolote kazini, ongea na chama cha wafanyakazi au mshauri wa Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, kuhusu hali yako ya visa. Usipige picha za wagonjwa kwa simu yako. Andika tarehe, saa na ulichokiona, kisha piga ile namba ya CQC.